Samaki Huyu Kamvua Nani?

Binti yangu yuko gredi ya 8 hapa Lamu. Muhula uliopita alipewa kazi ya kuandika kuhusu samaki mmoja wa bahari yetu, akachagua tafi. Akapeleka kurasa nne, hati safi kabisa. Mwalimu akamuuliza swali moja tu: "Haya umeyatoa wapi?" Akajibu, "Google."

Aliponihadithia nilimwambia: mwanangu, hiyo ni kama kuulizwa samaki huyu kamvua nani, ukajibu, "sokoni." Sokoni ndiko alikouzwa. Aliyemvua ni nani? Kamvua lini, wapi?

Tangu hapo tunaketi pamoja jioni na simu yangu, na yapo mambo natamani wazazi wenzangu wayajue. Hifadhidata, yaani ghala la taarifa zilizopangwa na wajuzi, haiulizwi kama anavyoulizwa mtu. Mtoto akiandika "kwa nini tafi wanapungua siku hizi" atatoka mikono mitupu. Aanze na jina la kitu, neno moja au mawili. Sisi tulifungua FishBase, ghala la bure la samaki wa dunia nzima. Kuna mahali pa kutafuta kwa majina ya kawaida, na ya Kiswahili yamo. Lakini jina moja la wavuvi huweza kubeba aina kadhaa, kwa hivyo mfundishe mtoto ashike jina la kisayansi. Tafi wetu ni Siganus sutor. Jina hilo halibadiliki, uwe Lamu au Japani.

Tukasoma kwamba hufikia sentimita 45 na kwamba chakula chake ni mwani na nyasi za baharini. Kiingereza kilikuwa kigumu, kamusi ikawa mapajani. Kilichonifurahisha zaidi ni zile nambari ndogo kando ya maelezo: ukibonyeza, unaona nani aliandika na mwaka gani. Huyo ndiye mvuvi tuliyekuwa tukimtafuta!

Babu yake aliposikia habari ya mwani akasema ndiyo sababu malema, ile mitego ya kuvulia samaki, ya tafi hutiwa chambo cha mwani. Nilimwambia binti amwandike na babu, siku na mahali alipozungumza naye. Naye ni chanzo, tena mwenye miaka mingi baharini.

Majarida ya wanazuoni, wanamochapisha tafiti zao, msiyakimbilie. Kwa umri huu ikisiri, yaani muhtasari ulio mwanzoni mwa makala, yatosha. Na Britannica School, ensaiklopidia ya wanafunzi mtandaoni, hulipiwa, basi ulizeni shuleni kwanza kabla ya kutoa pesa.

Juzi kapewa kazi ya magofu ya Gedi. Akafungua orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, akakuta Gedi iliingizwa 2024, na mji wetu wa Lamu 2001. Kabla sijamuuliza, alikuwa keshaandika daftarini jina la ukurasa na tarehe aliyousoma.