Mkasi wangu wa kitambaa umekatiwa boksi, nikalia

"Shangazi, salaam alekum. Mimi nashona madera na nguo za harusi. Mwaka jana nilitoka kwa chumba nilichopanga Majengo nikahamishia cherehani zangu nyumbani Kisauni, kile chumba cha nyuma, nikasema sasa nimepumzika na kodi. Kumbe! Wifi yangu ananiachia watoto eti si niko tu nyumbani, mavyaa anakuja anakaa asubuhi nzima, majirani wanaleta zipu niwabadilishie bure, mume wangu ameweka humo baiskeli na mtungi wa gesi wa akiba, sindano zinashika kutu, satini nyeupe ya bi harusi ikaingia doa. Juzi mtoto wa wifi kachukua mkasi wangu akakatia boksi la kazi ya shule, nililia mpaka nikaona haya, mkasi tu! Nirudi Majengo ama ni hasira zangu?"

Alekum salaam mwanangu. Wacha nianze na huo mkasi manake umejionea haya bure. Boksi na karatasi zinakula makali, ukirudi kwa satini haukati tena, unatafuna, na satini ni ya mtu na harusi ina tarehe. Mamangu alikuwa akishona kofia za vito, zile za kudarizi kwa mkono, barazani kwetu Mji wa Kale, kofia moja miezi, na kijaluba chake cha sindano hakuna mtoto aliyekigusa, si kwamba alikuwa mkali, la, ni kwamba kila mtu mule ndani alijua ile kofia ndo unga na ndo karo. Kwako hawajui hivo bado. Wanaona mtu amekaa kwao, feni inazunguka, wanadhani umepumzika.

Nunua mkasi wa bei rahisi uutundike ukumbini, huo ndo wa boksi, wako utie kwenye kabati lenye kufuli. Na usimpe huyu anayenoa visu kwa baiskeli mitaani, atausaga uharibike, tafuta fundi mwenzako akuelekeze kwa mtu anayejua mikasi ya kitambaa.

Hiyo kutu ni hewa yetu ya chumvi, na ukiacha dirisha wazi usiku ndo mbaya zaidi. Sindano zitie kwenye mkebe unaofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya boksi za viatu, vinanyonya unyevu, na vyuma vipitishie tone la mafuta ya cherehani halafu ushone kwanza kwa kitambaa kibovu kabla hujagusa nguo ya mteja. Sindano ya mashine hata kama haina kutu ibadilishe kila masaa 8 hivi ya kushona, ikibutuka ndo inavuta nyuzi. Satini tumia sindano namba 11, usiishone na hiyo 14 ya vitambaa vizito. Na lile doa kama ni la kutu, mwanangu tafadhali usitie Jik, Jik inaligandisha! Kamulia ndimu na chumvi, ujaribu kwanza kwa pindo la ndani, uache kidogo juani usuuze. Kama ni jasho basi taulo dogo begani, na kukata ukate ukishaswali alfajiri mpaka saa nne, miezi hii ya kaskazi mchana mkono wote unateleza. Feni ikipeperusha patani zako, zile karatasi za kukatia, weka mawe ya pwani juu yake, yaoshwe lakini. Pini zilizoanguka zipitie na sumaku ya spika mbovu kila jioni, mavyaa akikanyaga moja utakuwa na ishu ingine.

Sasa watu. Wifi usiseme naye wewe, aseme nduguye, yaani mumeo, amwambie dadake kwamba watoto waje baada ya alasiri, ukisema wewe itakuwa umewachukia watoto na maneno yatafika kwa mavyaa kabla ya magharibi. Mavyaa humfungii mlango, hilo halisemwi hata, ila mwalike saa kumi, chai na mahamri, ukae naye haswa usishike sindano, nakwambia mtu mzima akijua saa yake ipo hatokuja asubuhi kukutafuta. Majirani wape Alhamisi jioni, zipu zote Alhamisi, na kila zipu ina bei hata kama ndogo. Ile kodi uliyokuwa ukilipa Majengo ilikuwa inakulinda manake mtu akiingia pale anajua ameingia dukani. Hapa unafaa kuijenga hiyo heshima mwenyewe, na hata theluthi ya ile kodi ukiiweka kando kila mwezi utapata kabati, kufuli na pazia zito la mlangoni. Pazia likishuka uko kazini. Ukifika nusu ya Ramadhani funga daftari la oda za Idd, hata za familia.

Kurudi Majengo mimi sikuambii leo. Jaribu hivi miezi mitatu, na kama bado unalia rudi, wala usione umeshindwa.

Lakini kuna jambo umelitaja katikati ya baiskeli kana kwamba ni dogo na mimi ndo limeninyima usingizi. Mtungi wa gesi! Chumba kina pasi ya moto, kina vitambaa na nyuzi sakafuni, na gesi ikivuja haipandi juu, ni nzito kuliko hewa, inatulia chini pale pale miguuni pako unapokanyaga cherehani. Baiskeli ikae hata mwaka. Mtungi utoke leo, uende nje penye upepo na kivuli, usingoje mume arudi, mwite kijana yeyote wa jirani akubebee, halafu uniandikie neno moja tu kwamba umetoka.