Pikipiki za theluji Svalbard: kabla ya bei, uliza mtakuwa wangapi

Kaka, umeuliza mambo matatu: kama safari ya pikipiki za theluji kule Svalbard inastahili hela wanayotaja, kama mtu aliyezoea joto la Dar ataihimili ile baridi, na kama mkeo mwenye tatizo la mgongo anaweza kupanda. Walionitangulia kukujibu naona wengi wamesimulia picha walizoziona mitandaoni. Mimi nimekwenda, Machi mwaka huu, siku chache baada ya Idi, pamoja na wifi yangu aliyetokea Muscat. Nitakueleza nilivyoona, urefu unisamehe.

Mimi mtu wa Tanga, nauguza wazee Trondheim, Norway, huu mwaka wa tisa. Baridi naijua. Nilidhani naijua.

Nianze na viza, maana hapo ndipo watu wanapokwama. Svalbard, visiwa vya kaskazini ya mbali, iko chini ya Norway kwa mkataba uliosainiwa Paris mwaka 1920, lakini haimo katika eneo la Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), na yenyewe haidai viza kwa mtu yeyote. Usishangilie mapema. Ndege za kwenda Longyearbyen, mji wa Svalbard, zinaondokea Oslo na Tromsø, kwa hiyo Schengen utapita tu, na ukishapanda ile ndege unahesabiwa umetoka. Kurudi ni kuingia upya. Mwenye viza ya kuingia mara moja anaweza kujikuta anaulizwa maswali uwanja wa ndege akiwa njiani kurudi nyumbani. Wifi aliomba ya kuingia zaidi ya mara moja na akaambatanisha tiketi zote. Na pasipoti iwe mkononi, hata sisi tunaoishi Norway tunakaguliwa.

Sasa lile ambalo hukuuliza, na kwangu ndilo la kwanza: kundi lina watu wangapi?

Miaka michache nyuma nilipanda hizi pikipiki huku bara, upande wa Tromsø, mwezi wa Januari. Kampuni siitaji. Tangazo lilisema kundi dogo, tulipofika tukajikuta msururu wa mashine kama harusi inayokwenda kuchukua bibi harusi. Kuendesha kwenyewe hakukuwa na shida. Shida ni kusimama. Mmoja helmeti yake imeingia ukungu, wote tunasimama. Mwingine glavu imeanguka, tunasimama. Wawili wanataka kubadilishana kuendesha, simama tena. Mwongozaji wa mbele anamsubiri wa nyuma, wa nyuma anamsubiri mzee aliyezima injini akashindwa kuiwasha. Unapoendesha, mwili unafanya kazi, vishikio vya usukani vina joto la umeme, akili iko njiani. Ukisimama, jasho kidogo ulilotoa linaanza kupoa mgongoni, na vidole vya miguu vinaondoka kimoja kimoja. Nilirudi na kidole gumba cha mguu hakina hisia mpaka siku ya pili. Kazi yangu ni ya hospitali, najua nini kilikuwa kinakaribia.

Kwa hiyo safari hii niliandikia kampuni kadhaa nikauliza swali moja: mwongozaji mmoja anachukua wageni wangapi? Walionijibu kwa maneno mengi niliwaacha. Tuliyoichagua ilijibu kwa namba: sita. Tukawa wageni sita, mashine nne, na mwongozaji ya kwake. Tulilipa zaidi ya kroner 3,000 za Norway kila mmoja kwa siku nzima, na anayetaka mashine peke yake huongeza. Ni ghali, sikatai. Ila ukigawa ile hela kwa saa ulizokuwa unatembea kweli, ile ya Tromsø ndiyo iliyokuwa ghali.

Longyearbyen ni mji mdogo, watu kama 2,500 hivi, uko nyuzi 78 kaskazini. Ulianza kwa makaa ya mawe, na jina umelipata kwa Mmarekani John Munro Longyear aliyefungua mgodi pale mwaka 1906. Mgodi wa mwisho wa Wanorway umefungwa 2025. Kilichobaki cha enzi hizo ni adabu ya mlangoni: wachimbaji walikuwa wanavua viatu ili wasiingize vumbi jeusi ndani, na mpaka leo hoteli nyingi na hata makumbusho unavua viatu ukiingia. Wifi alifurahi kuliko alivyofurahia theluji. "Kumbe kuna wazungu wenye adabu zao," anasema, huku anapanga buti zetu ukutani.

Ukitoka uwanja wa ndege kuna kitu kama ukuta wa zege umechomoza mlimani. Ni ile ghala ya mbegu za dunia. Ilipofunguliwa Februari 2008, aliyeingiza sanduku la kwanza pamoja na Jens Stoltenberg, waziri mkuu wa Norway wakati huo, alikuwa mama yetu Wangari Maathai. Ndani huingii, ila nilimwambia dereva wa basi habari hiyo na yeye alikuwa haijui.

Asubuhi ya safari wanakuvalisha. Chini uje na nguo za sufu, tabaka mbili kama zinavalika moja juu ya nyingine, na soksi za sufu. Pamba acha hotelini, ikilowa jasho haikauki. Juu yake wao wanakupa ovaroli nene, buti, glavu kubwa, mzula, miwani na helmeti. Chukua buti kubwa kuliko mguu wako. Soksi tatu ndani ya buti inayobana ni baridi zaidi ya soksi moja ndani ya buti yenye nafasi, hili wengi hawaamini mpaka yawakute. Akina dada: hereni na vipini vya chuma vua. Wifi anavaa ushungi, na alikuwa na wasiwasi helmeti itakaaje. Alivaa mzula mwembamba wa sufu unaofunika nywele na shingo badala ya ushungi, bila pini hata moja, helmeti ikakaa sawasawa. Mwongozaji akatuambia pia tusipake losheni ya maji usoni asubuhi ile. Sisi tunaopaka mafuta ya mgando tulionekana wataalamu.

Kisha darasa. Mwongozaji wetu, binti wa Kiswidi wa miaka ishirini na kitu, bunduki begani na bastola ya fataki kiunoni, kwa sababu nje ya mji ni eneo la dubu weupe na lazima kundi liwe na njia ya kujikinga. (Watu wa Kilimanjaro wanamwita mwongozaji "gaidi". Nilimweleza wifi asimwite hivyo mtu mwenye bunduki.) Mafuta unabonyeza kwa dole gumba la kulia, breki mkono wa kushoto. Kamba ya usalama unajifunga nayo. Ukianguka inachomoka, injini inazima. Fuata alama ya mashine ya mbele, usitanuke. Mkono juu maana yake simama. Na akasema mara mbili: miguu ibaki ndani. Ikiinama, egemea upande wa juu. Ikipinduka, ruka, iache iende. Usishushe mguu.

Hili la mguu lilinihusu mimi. Kaka, kama umewahi kuendesha pikipiki nyumbani, usijidanganye kwamba una faida. Mimi nilijifunzia pikipiki ya marehemu baba Tanga, na mwili unakumbuka: chombo kikiyumba, mguu unashuka wenyewe. Hii haina magurudumu. Mbele skii mbili, nyuma mkanda mpana wa mpira, na uzito wake unaweza kupita kilo 250. Ukiweka mguu chini ikakulalia, umevunja mguu kilomita nyingi kutoka kwenye barabara yoyote. Tulikuwa tunakata ubavu wa mlima mdogo, mashine ikaanza kuinama upande wa bonde, na mguu wangu wa kushoto ukatoka. Wifi nyuma yangu akapiga kelele "Mguu!" kama anakemea mtoto. Nikaurudisha, tukapinduka polepole kama watu wanaolala. Theluji ilikuwa laini, hatukuumia. Yule binti alikuja kwa miguu, hakucheka wala hakufoka, akaniuliza kitu kimoja tu: "Kwa nini uliegemea chini?" Nilikuwa sina jibu. Tukaiinua watu watatu, dakika tatu tumeondoka. Kwenye ule msururu wa Tromsø ingekuwa nusu saa.

Njia yetu ilipita Adventdalen, bonde pana lililo jeupe mpaka unasahau ukubwa wa vitu, halafu Sassendalen hadi Fredheim, kama kilomita 50 kwenda. Sheria inaruhusu kilomita 80 kwa saa nje ya mji. Sisi tulikwenda 40, 50, na hiyo inatosha kabisa: hewa nyuzi 19 chini ya sifuri, ukiipasua kwa mwendo huo, uso unahisi kama 33 chini. Pengo la upana wa kidole kati ya mzula na miwani lilinichoma mpaka nikaona doa; mwongozaji alikuwa anatukagua nyuso kila tukisimama, anatafuta ngozi iliyopauka, dalili ya nyama kuanza kuganda. Sisi weusi alitutazama kwa makini zaidi na akatuambia wazi kwamba kwetu weupe ule hauonekani haraka, kwa hiyo tuseme wenyewe pale tu ganzi inapoanza. Nilimheshimu kwa hilo.

Njiani tuliwaona wale kulungu wa Svalbard, wafupi wa miguu, wanene, wanachimba theluji kutafuta majani na hawana habari na mtu. Dubu hatukumwona. Na nikuambie, kampuni ikikuahidi dubu, achana nayo. Kuwafuata ni kosa, na tangu 2025 lazima ukae mbali nao angalau mita 300, na kuanzia Machi mpaka mwisho wa Juni mita 500. Aliyekuahidi hata picha ya simu amekudanganya.

Fredheim ni nyumba ya mwindaji Hilmar Nøis, ya mwaka 1924, pembeni ya ghuba. Mwaka 2015 walilazimika kuisogeza juu maana bahari ilikuwa inaula ufukwe. Tulikula hapo: chakula kikavu cha pakiti unachomiminia maji ya moto, na juisi ya moto ya matunda meusi. Sisi tuliomba samaki wakati wa kulipia, kwa ajili ya halali; usisubiri kuuliza ukiwa bondeni. Wifi alijumuisha adhuhuri na alasiri pembeni ya ukuta, ovaroli na yote.

Choo hakuna. Hakuna mti, hakuna kichaka, na huruhusiwi kwenda mbali kwa sababu ya dubu. Mashine zinapangwa mstari, unakwenda nyuma yake, wote wanatazama upande mwingine na mwongozaji anatazama milima. Ovaroli ni kipande kimoja, unavua karibu yote. Baada ya hapo chai ya asubuhi nilianza kuihesabu kwa vikombe.

Simu iweke kifuani, karibu na mwili. Yangu ilikuwa na chaji asilimia 80, nikapiga picha nne, ikazima. Ukivaa miwani ya macho kama mimi, pumulia chini, la sivyo ukungu unaganda kuwa barafu ndani ya helmeti.

Leseni: mimi nilitumia yangu ya Norway. Wifi hakuja na yake, akakaa nyuma safari nzima, na ndiye aliyesikia baridi zaidi maana wa nyuma hana kazi. Wewe waandikie kampuni kabla ya kulipa, watumie picha ya leseni yako. Uliza pia ukiiharibu mashine unadaiwa mpaka kiasi gani, maana bima yao kwa kawaida hailipi yote. Na pombe ya usiku wa jana ni habari nzito: kiwango cha Norway ni 0.2 kwa elfu ya pombe kwenye damu, hata asubuhi unaweza kukataliwa usukani.

Umesema mnataka na zile taa za kaskazini, mwanga wa rangi unaocheza angani usiku. Hapo chagua. Jua la Longyearbyen linapotea mwishoni mwa Oktoba, na mjini kwenyewe linarudi kugusa tarehe 8 Machi. Taa ni za miezi ya giza. Mwishoni mwa Machi mchana ni mrefu, milima unaiona yote, njia ndefu zinapitika, lakini taa tulizisikia kwa hadithi tu.

Mgongo wa mkeo. Upepo unaigandisha theluji iwe mawimbi magumu, ni matuta kama ya barabarani nyumbani, lakini kilomita nzima bila kibao. Wa nyuma anayapata yote na hayaoni yanakuja. Wifi ana miaka 41, mzima, na siku mbili aliinuka kitandani kwa kushika ukuta. Kwa mtu mwenye tatizo la diski mimi nisingempandisha, na hapa sileti utani. Kule kuna magari ya mikanda yenye boksi la kupasha joto na viti, yanakwenda kwenye mapango ya barafu na mabonde ya karibu. Mkatie yeye tiketi ya hilo gari, wewe kata ya pikipiki, mkutane jioni. Na akiwa mjamzito, kampuni nyingi hazitampandisha pikipiki kabisa, kwa hiyo mwulize kabla hujalipa chochote.