Uwatu: maziwa ya mama, mimba na "nguvu za kiume"

Mama mkwe ananinywesha uji wa uwatu asubuhi na jioni tangu nijifungue. Kweli unaongeza maziwa? (Mzazi wa wiki tatu, Tanga)

Hongera kwa mtoto. Uji huo hauna neno, ila usidhani utafanya kazi ya mtoto. Maziwa hutengenezwa kwa amri ya prolaktini, homoni inayopanda kila anaponyonya. Titi likikaa limejaa, maziwa hupungua. Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Tafiti za uwatu ni ndogo na majibu yake yanapishana. Mimi nashuku nusu ya dawa ni uji wenyewe wa moto, na huyo mama mkwe anayekupokea mtoto upate kulala. Jasho lako au mkojo wa mtoto ukinuka sukari guru, usishtuke, ni uwatu. Lakini mtajie daktari, maana upo ugonjwa adimu wa kurithi wenye harufu hiyohiyo. Ukiharisha, punguza.

Nina mimba ya miezi mitano. Nianze mapema? (Mombasa)

La. Punje chache kwenye mchuzi hazidhuru, lakini glasi ya uwatu uliolowekwa kila siku inahofiwa kuchochea mji wa mimba. Subiri ujifungue.

Naambiwa uwatu una projesteroni ya asili, ile homoni ya kike, unarekebisha hedhi. (Morogoro)

Hapo wengi hudanganyika. Uwatu una diosijenini, kemikali ya mimea, si homoni. Miaka ya 1940 mkemia Mmarekani, Russell Marker, aliigeuza diosijenini ya viazi vya porini vya Mexico ikawa projesteroni, lakini kwa kemikali, hatua baada ya hatua, maabarani. Tumbo lako halina maabara hiyo. Hata ule debe zima, haitageuka. Hedhi ikipotea, pima mimba kwanza, kisha prolaktini na homoni za tezi ya shingo.

Mume wangu ana kisukari, na sasa ameanza vidonge vya uwatu vya nguvu za kiume. (Dar es Salaam)

Huyu ndiye anayenitia wasiwasi. Uwatu hushusha sukari. Ukichanganywa na insulini au glibenklamidi (kidonge cha kisukari), sukari inaweza kuporomoka: jasho la ghafla, mikono kutetemeka, hata kuzimia. Tena kisukari chenyewe huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na mara nyingi ndicho kilichomletea tatizo analolitafutia vidonge. Mwambie kopo hilo aende nalo kliniki, asilifiche kabatini.