Mkitoka Lamu, shukeni Malindi kwanza

Kwa mavyaa wangu ni Pate, kisiwa cha huko Lamu, na nyumba ile ukishaingia na mume wako mlangoni, humpati tena mpaka siku ya kuaga. Yeye huenda zake barazani na msikitini pamoja na wajomba zake. Mimi huingia ndani kwa mawifi, mchana jikoni, usiku nalala na mabinti wa nyumba. Sioni ubaya, ndiyo heshima yetu, na nyumba ile imenipokea kama mtoto wao. Lakini safari hii tulikaa siku 22, tukipita Siyu na Faza kuwaona jamaa, na katika siku zote hizo sidhani kama tulipata saa nzima ya kuzungumza wawili peke yetu. Tulichoambizana kilikuwa cha kunong'onezana ukumbini: nani kaomba nini, na kimebaki kiasi gani.

Kwa hivyo nataka kuwashauri wenzangu mnaokwenda ukweni mume na mke kwa siku nyingi: msirudi nyumbani moja kwa moja. Njiani pana Malindi. Shukeni, mlale siku mbili.

Miaka mitatu iliyopita hatukushuka. Tulipanda basi Mokowe asubuhi tukapitiliza hadi Mombasa. Tulifika usiku, miguu imevimba, na kabla sijafungua begi tukaanza kuzozana juu ya shilingi elfu kumi na nane ambazo Baba Zuhra alimpa mpwa wake bila kuniambia. Tulizozana mbele ya mama yangu. Zuhra aliamka akasimama mlangoni na nguo zake za kulalia. Pesa zenyewe zilitolewa kwa haja ya kweli, ada ya shule. Kilichonichoma ni kuipata habari hiyo siku ya mwisho, nikiwa nimechoka, kwenye chumba kilichojaa watu. Sura ya mtoto wangu usiku ule bado naiona.

Safari hii huchosha kuliko inavyoonekana kwenye ramani. Kutoka Pate, mashua hungoja maji yajae ndipo ipite, kwa hivyo saa ya kuondoka huipangi wewe, huipanga bahari. Kisha Lamu, kisha boti ya kuvuka hadi Mokowe, kisha basi: Hindi, Witu, Gamba, Garsen. Siku hizi barabara ina lami, alhamdulillahi, lakini vizuizi vya polisi ni vingi na abiria hukaguliwa vitambulisho. Wekeni vitambulisho mkononi, si ndani ya begi lililofungiwa chini ya basi. Mkiyaona mashamba ya chumvi ya Gongoni, halafu Mambrui, halafu daraja la mto Sabaki, mmefika. Mmeshakwenda zaidi ya kilomita 200, na bado kama 120 nyingine mpaka Mombasa. Hapo ndipo mwili husema basi.

Mwaka jana tulishuka, ila usiku mmoja tu, tena kwenye gesti jirani na stendi. Honi za matatu zilianza kabla ya adhana ya alfajiri. Usiku mmoja ni usingizi tu, haujafika kuwa mapumziko. Mwaka huu tulichukua chumba upande wa barabara ya Casuarina, ambako tuktuk hukufikisha mjini mara moja na usiku husikii ila mawimbi. Msimu wa wageni ukiwa umekwisha, ulizeni bei ana kwa ana na msikubali ile ya kwanza. Angalieni chandarua, feni, na kama maji yanatoka. Mengine hayana haja.

Kuna jambo moja lazima nilizungumzie wazi, kwa sababu najua ndilo litakalowazuia wengi. Sisi tuna jamaa Malindi. Utalalaje hotelini na shangazi wa mumeo yuko mjini? Mwaka jana tulijificha, tukaonekana sokoni, na lawama zikatutangulia Mombasa. Mwaka huu Baba Zuhra alimpigia shangazi kabla hatujaondoka Pate. Akamwambia, "Shangazi, tunapita Malindi, tutalala mahali siku mbili tupumzike, na Jumapili asubuhi tunakuja kunywa chai kwako." Shangazi alikaa kimya kidogo, kisha akasema sawa, ila tusije mikono mitupu na halwa ya Lamu tunayo. Msidanganye. Uongo wa kukwepa jamaa huchosha kuliko ziara yenyewe.

Jioni tulipofika hatukufanya lolote. Tulikoga, tukalala, tukaamka saa mbili usiku tukatafuta viazi karai na chai ya maziwa, tukalala tena. Tulikuwa tumeahidiana kwamba siku hiyo neno pesa halitajwi, na jina la jamaa yeyote halitajwi. Ilikuwa vigumu. Mara mbili nilifungua kinywa nikakifunga.

Asubuhi yake, kabla ya chai, tafuteni dobi. Nguo za safari ya visiwani zina chumvi na unyevu, na ukizipeleka nyumbani hivyo, siku yako ya kwanza ni ya beseni. Sisi tulipeleka kanzu, leso, vikoi, kila kitu, tukabaki na tulichovaa. Nikikumbuka furaha niliyokuwa nayo kurudi Mombasa na begi la nguo safi zilizokunjwa, natamani kila mama aipate.

Kisha twende kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Nendeni mapema, pwani yetu jua hutoka baharini, na asubuhi upepo pale kwenye miamba ni mzuri. Kama ni msimu wa kaskazi, msishangae maji ya ghuba kuwa rangi ya chai, ni tope la Sabaki linalosukumwa upande wa mji. Wengi wanajua kwamba Mreno huyo alifika Malindi mwezi wa Aprili 1498 na kupewa rubani wa kumvusha mpaka India. Kurudi kwake hakutajwi sana. Alirejea Januari 1499, baada ya karibu miezi mitatu ya kuvuka bahari, mabaharia wengi wamekufa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga mbichi, na waliobaki hawajiwezi. Akamtuma mtu nchi kavu awatafutie wagonjwa machungwa. Walikaa siku tano ndipo wakaendelea. Sina la kumsifia, maana wenzake waliomfuata ndio walioichoma Mombasa mwaka 1505. Lakini habari ya machungwa nilimsimulia Baba Zuhra tumekaa pale juu ya mawe. Hakusema kitu. Aliinuka, akarudi barabarani, akaja na machungwa manne kwenye mfuko.

Tulipokuwa tukimenya ndipo akaniambia kwamba mama yake anamtaka Zuhra akae Pate mwaka mzima, asome chuoni kwao, yaani madrasa, na amzoee bibi yake. Mavyaa alikuwa amenieleza jambo hilohilo siku ya nne, jikoni, tukikuna nazi, akaniomba nisimwambie mwanawe kwa kuwa atamwambia mwenyewe. Kumbe kila mmoja wetu aliubeba mzigo ule siku 18, akidhani mwenzake hajui, na akiogopa mwenzake atakubali. Nililia. Yeye alicheka kwanza, kisha naye macho yakajaa maji. Tulikubaliana Zuhra aende likizo ya Desemba, mwezi mmoja, na mimi nimpeleke mwenyewe. Tukampigia mavyaa palepale, simu tukiiweka katikati yetu. Hakufurahi sana. Lakini alisikia sauti zetu zote mbili pamoja, na hilo asingelisikia kama tungekuwa kila mtu upande wake wa nyumba.

Alasiri tulikwenda Gede. Ni kama kilomita 16 kwa matatu za kwenda Mombasa, ukishukia njia panda ya Watamu. Nashauri Gede kuliko Marafa, ingawa Marafa ni pazuri sana jua likizama, kwa sababu huko ni mbali na jua lake ni kali, na nyinyi mmetoka safarini. Gede ni kivuli. Unatembea katikati ya kuta za mji wa Waswahili waliotutangulia, miti mikubwa imeota ndani ya vyumba, na kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 1399. Nyumba zimepewa majina ya vitu vilivyochimbuliwa ndani yake, kama ile ya Makasi. Mimi nilitazama zaidi mipango ya vyumba: ua, sebule, chumba cha ndani kabisa. Nikaona nyumba ya mavyaa. Jambo moja kwa siku linatosha. Mwaka jana tulitaka Gede, Watamu na soko la Malindi kwa mchana mmoja, tukafika chumbani hatusemezani.

Usiku wa mwisho ndio wa hesabu. Chukueni daftari, si simu, kwa sababu simu italeta ujumbe katikati. Andikeni kilichotoka, kwa nani, na kilichobaki. Baba Zuhra alikuwa ametoa elfu sita nisizozijua. Mimi nilikuwa nimemwachia wifi elfu tatu asizozijua. Tuliandika zote, tukala samaki wa kupaka.

Jumapili tulipitia nguo kwa dobi, tukaenda kwa shangazi. Alitukalisha mpaka saa tano, mahamri na mbaazi, na akatupa kopo la achari ya embe la kumpelekea mama. Matatu za Mombasa hupatikana mchana kutwa, kwa hivyo msikimbilie ile ya kwanza. Ngojeni yenye viti viwili vya pamoja. Sisi tulipata vya nyuma, upande wa dirisha. Zuhra alikuwa getini, na begi lilipofunguliwa alizinusa nguo akauliza mbona hazinuki Pate.