Kilomita Hazisemi Utafika Saa Ngapi

Ndugu na jamaa wanaojiandaa kwa safari ndefu ya ndege huniuliza kwanza umbali kati ya viwanja viwili, kisha hugawanya kwa mwendo wa ndege na kudhani wamepata jibu. Mimi pia nilikuwa nikifanya hivyo, hadi niliposafiri kati ya Tokyo na Los Angeles. Umbali wake ni karibu kilomita 8,800, na kwa mwendo wa takriban kilomita 900 kwa saa, hesabu inatoa saa 10. Wakati wa kwenda ilikaribia kuwa kweli, lakini kurudi kulichukua karibu saa 12, kwa sababu kwenye kimo cha mita 10,000 hivi kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, ambao humsukuma anayeelekea mashariki na kumkabili anayerudi. Majira ya baridi upepo huo huongezeka nguvu.

Njia nayo hubadilika. Tangu anga la Urusi lilipofungwa kwa ndege za Ulaya mwaka 2022, safari ya Helsinki hadi Tokyo imepanda kutoka saa 9 na nusu hivi hadi karibu 13, ingawa viwanja havijasogea hata hatua moja. Kwa hiyo tazama muda ulioandikwa kwenye ratiba ya sasa, ambao huhesabiwa tangu ndege inapoondoka langoni hadi inapofika lango la pili.

Saa za kuondoka na kufika zilizo kwenye tiketi ni za mahali husika, kwa hiyo usizitoe moja kwa moja. Ukiondoka Tokyo saa 17:00 wakati wa kiangazi na kuruka saa 10, unatua Los Angeles saa 11:00 (saa tano asubuhi) ya siku ileile, yaani saa sita kabla ya saa uliyoondokea! Badili nyakati zote mbili ziwe za UTC (saa ya rejea ya dunia nzima) kwanza, ndipo utoe moja kutoka nyingine.

Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna jambo jingine la kuangalia. Tiketi yangu moja ilisomeka 00:20, tarehe 14. Nikaisoma kuwa saa sita na dakika 20 usiku wa tarehe 14, nikafika uwanjani jioni ya siku hiyo na mabegi yangu, na mhudumu wa kaunta akanigeuzia skrini taratibu: ndege ilikuwa imeondoka usiku uliotangulia. Kwetu usiku ule bado ni wa tarehe 13, ilhali kwa tiketi tarehe imeshageuka. Nilinunua tiketi nyingine kwa fedha nilizotenga kwa malazi. Siku hizi tiketi yoyote yenye saa kati ya 00:00 na 05:00 naiandika kwenye kalenda chini ya tarehe iliyotangulia, pamoja na saa ya kutoka nyumbani.