Kisima kando ya barabara: kuchemsha maji hakutoshi

Umeuliza kama kuchemsha kunatosha kwa kisima kinachoingiwa na maji ya barabarani. Hapana. Kuchemsha huua vijidudu tu; shaba ya vumbi la breki, zinki ya matairi na madini ya risasi hubaki, tena hukolea kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke. Kwanza zuia chanzo: inua ukingo wa kisima, ziba nyufa za sakafu yake, chimba mtaro upande wa barabara. Kisha peleka sampuli maabara, ukiichota mvua za kwanza zinaponyesha baada ya kiangazi, maana ndizo husomba uchafu uliorundikana. Sampuli ya kupima mafuta ya magari iwe kwenye chupa ya kioo, kwa sababu mafuta hunata kwenye plastiki. Risasi ikizidi mikrogramu 10 kwa lita, msiyanywe maji hayo, watoto na wajawazito hasa.