2JZ: Kwa Nini Bado Inatafutwa?

SWALI: Mhariri, nataka kununua Toyota Supra ya miaka ya 1990 yenye injini ya 2JZ-GTE. Kwa nini inapendwa hivi, na nikague nini?

JIBU: Siri ni bloku, yaani mwili mkuu wa injini. Ni ya chuma cha kusubu, kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) imeshikwa na beringi kuu 7, na silinda 6 za mstari mmoja hujisawazisha zenyewe, hivyo mtetemo ni mdogo. Ndiyo maana huvumilia turbo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini) kubwa kuliko zile mbili za kiwandani. Toyota waliijenga kwa ukarimu kweli.

Anza na kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Pasha injini moto, toa plagi zote 6, kata umeme wa koili na petroli, funga geji ya kompresheni kwenye tundu la plagi, kanyaga mafuta hadi mwisho, kisha piga stata; rudia kwa kila silinda. Kwa injini yenye afya, kila silinda husoma karibu psi 156 (psi ni kipimo cha shinikizo). Ikisoma chini ya 128, au silinda zikipishana kwa zaidi ya 14, achana nayo, labda muuzaji akubali kupunguza bei kwa kiasi cha gharama za kushusha injini.

Moshi wa bluu unapowasha asubuhi? Mara nyingi ni sili za vali zilizokakamaa, zinabadilishika. Angalia pia puli ya kranki: mpira wake wa katikati ukichoka, pete ya nje huteleza. Mkanda wa taimingi ubadilishwe kila kilomita 100,000, pamoja na pampu ya maji.